Mshiko wa Papa Mbusa kwenye Mchanga Mweusi

Mikono yako iliisha kufanya kazi gani?

Hilo ndilo swali aliloniuliza Mama Esperansi, akimaanisha imewahi kufanya kazi gani, asubuhi yangu ya kwanza uwanjani, nikiwa nimesimama mbele yake na fimbo ya gofu ambayo sikujua niishike vipi. Nilikuwa na lisansi, yaani shahada, ya fizikia, niliyoitetea mbele ya maprofesa watatu bila kumeza mate. Lakini mbele ya mwanamke yule mwenye buti za mpira na kitenge kilichopauka, nilitazama viganja vyangu kama mtu anayetafuta ufunguo alioupoteza. Alicheka. Akasema basi tutaanzia sifuri.

Ninyi mnaokuja Jumamosi kusukuma mpira kwenye kile kipande cha mchanga nilichokitengeneza nyuma ya shule, mnaniuliza jambo moja kila wiki: mshiko gani ndio sahihi? Mkono wa kulia uwe chini au wa kushoto? Kidole gumba kilale wapi? Mmeona kwenye simu zenu wachezaji wakubwa, kila mmoja anashika kivyake, mmechanganyikiwa. Nawaandikia kwa sababu jibu langu ni refu, na Jumamosi huwa mna haraka. Pia kwa sababu ile kazi ya kufundisha uwanjani nimeiacha. Najua mnacheka nikisema nimestaafu, maana mwalimu wenu hana hata mvi. Lakini uwanja wetu umegawanywa vipande vya kujengea nyumba, na mtu ambaye mahali pake pa kazi pameota kuta amestaafu, apende asipende.

Kwanza mjue tulichezea juu ya nini. Gofu ya kwenye simu humalizikia kwenye nyasi laini kama zulia. Sisi hatukuwa na hizo. Tulikuwa na mashimo sita tu, kwenye mteremko unaoshuka ziwani, na ukichimba kina cha kiganja unakutana na jiwe la volkano. Nyasi ngumu za kulisha ng'ombe ziliota vizuri. Zile laini zilikufa kila zilipopandwa. Kwa hiyo kuzunguka kila shimo tulitandaza mchanga mweusi wa volkano, uliochekechwa kwa chekecheo la unga, kisha ukachanganywa na mafuta machafu ya injini tuliyopewa na mafundi magari, ili upepo usiuchukue. Duara hilo liliitwa brauni. Niliuliza kwa nini kitu cheusi namna ile kipewe jina la rangi ya kahawia, na hakuna aliyejua wala aliyejali. Jua likipanda lilinuka gereji. Ukipiga magoti pale na suruali nyeupe, jioni hiyo unakuwa na suruali ya kulimia.

Sasa, mchanga hushika nyayo. Kabla ya mtu kusukuma mpira wake, ilibidi njia isafishwe. Tulikuwa na kipande cha zulia kuukuu kilichopigiliwa kwenye ubao, chenye kamba ya kuvutia, tukikiita kapeti. Aliyekubebea mkoba wa fimbo alikivuta kati ya mpira na shimo, mara moja tu. Sheria ya klabu haikuruhusu mara mbili.

Aliyezitunza brauni zote sita alikuwa Mama Esperansi. Alizaliwa Masisi, kwenye familia ya ng'ombe, akahamia Goma mtu mzima akiwa na watoto wanne na bila ng'ombe hata mmoja. Kila asubuhi, kabla ya wanachama kufika, alizipiga brauni kapeti, halafu akachukua fimbo ya kuazima na kujaribu kila moja kwa mpira mmoja. Mpira uliingia. Miezi mitatu ya kwanza nilimwona akikosa mara mbili, na mara moja kati ya hizo kulikuwa na chura shimoni. Wanachama hawakujua. Kwao alikuwa mama wa kapeti.

Nilipomuuliza amejifunzia wapi, alisema kwenye kibuyu. Akiwa msichana alisuka maziwa ya nyumba nzima.

"Ukisuka kwa vifundo vya mikono, utalia na siagi bado haijatoka," aliniambia. "Kibuyu kinaendeshwa na mabega. Mikono kazi yake ni kukishika kisianguke, basi."

Ndivyo alivyosukuma mpira. Mabega yalikwenda na kurudi, vifundo vimelala. Ukimtazama kwa mbali unaweza kuapa unasikia maziwa.

Mimi sikumwamini. Si kwamba nilidhani anadanganya. Nilidhani mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi. Chuo kilikuwa kimenifundisha kutilia shaka kila kitu, nami nililipokea fundisho hilo kwa mikono miwili, nikawachosha wazazi, mapadri na wenzangu wa bweni. Nikanunua daftari. Nikaorodhesha mishiko saba: kulia chini, kushoto chini, mikono iliyoachana, vidole vilivyofumana, na kadhalika. Kila mshiko mipira ishirini asubuhi na ishirini mchana, hatua tatu kutoka shimoni. Nilichora na grafu. Jambo moja lilijitokeza wazi: mchana mishiko yote saba ilishindwa, mipira iliishia kabla ya shimo. Nikaandika chini ya grafu, kwa wino mwekundu: joto hulegeza mafuta, mchanga unanata. Niliipenda sana sentensi ile.

Mama Esperansi aliigeuzageuza grafu yangu. Akauliza kama ni milima ya Masisi.

"Ninyi ba Butembo munapima kila kitu," alisema. "Siku moja mutapima usingizi."

Nikamjibu kwamba wao wa Masisi wanakumbuka majina ya ng'ombe kuliko ya shangazi zao. Alikubali kuwa ni kweli, akanitajia ng'ombe kumi na moja, mmoja baada ya mwingine, pamoja na tabia zao.

Lakini niwaambie kilichokuwa rohoni mwangu miezi ile, maana bila hicho hamtaelewa mengine. Nililipwa kwa siku, bila karatasi yoyote. Baba yangu alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Butembo, na alikuwa amenisomesha kwa jasho. Alinipigia simu akaniuliza kama amenilipia chuo ili nikabebe mikoba ya watu wanaotembea bila kwenda popote. Swali zuri. Akaniwekea mpaka: ikifika Noeli sina mkataba wenye muhuri, nirudi nisimame nyuma ya kaunta yake, niuze minyororo na plagi. Hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Na mimi sikutaka kurudi. Nilikuwa nimelipenda ziwa, nimempenda Mama Esperansi na kibuyu chake kisichoonekana, na zaidi ya yote nilikuwa na swali ambalo sijalimaliza: kwa nini mkono wa mtu mzima mwenye akili zake unatetemeka mbele ya shimo dogo kama kikombe?

Ndipo mwalimu wa zamani wa klabu akahamia Kampala. Komite ikatangaza kwamba inatafuta mwalimu wa kusukuma mpira, mwenye mkataba. Tulijitokeza wawili, mimi na bwana mmoja aliyewahi kucheza Bujumbura. Kila mmoja akapewa mwanachama aliyeshindikana. Tulikuwa na wiki tatu, halafu komite ingetutazama siku ya mashindano. Mimi nilipewa Papa Mbusa.

Papa Mbusa alikuwa wakala wa forodha Bunagana, mtu mkubwa wa mwili na sauti, mwenye mashati yaliyonyooka hata yanaogopesha. Kupiga mpira mbali aliweza. Ulipaa ukavuka mawe. Lakini akibakiza hatua mbili kufika shimoni, mikono ilimgeuka. Ilitetemeka mpaka kichwa cha fimbo kikagonga mchanga. Kila Jumapili baada ya misa alicheza na shemeji yake, kaka wa mkewe, na kila Jumapili shemeji alimkumbusha kwamba shimo halina meno. Papa Mbusa alicheka pamoja na wengine, lakini mimi niliyembebea mkoba nilisikia pumzi zake.

"Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, akiniita hivyo kwa utani kwa sababu ningeweza kuwa binti yake, "nikishindwa mara hii, hizi fimbo ni kuni. Nitawapa watu wapikie maharage."

Nikampitisha kwenye mishiko yangu yote saba, kwa mpangilio wa daftari. Wa kwanza hadi wa tatu alitetemeka kama kawaida. Wa nne akatetemeka zaidi. Wa tano nilimwelezea kanuni ya nguvu na mwendo, akaniuliza kama kanuni hiyo inaweza kumsaidia pia na lori lililokwama mpakani. Siku moja tulipumzika kwenye nyasi nikamsimulia habari za baba na kaunta yake na Noeli. Akasema baba zetu wote wamezaliwa siku moja. Wiki ya pili ilipoisha alikosa mpira wa hatua moja, akaitupa fimbo mbali. Ikagonga jiwe, ikalia kama kengele ya kanisa.

Mama Esperansi alikuwa anapiga kapeti brauni ya jirani. Aliiokota fimbo, akaifuta kwa kitenge, akamletea. Kisha akamuuliza swali lilelile.

"Papa, mikono yako iliisha kufanya kazi gani?"

Papa Mbusa alisema kalamu. Mihuri. Makaratasi ya forodha.

"Hapana, mbele ya hiyo," alisema, akimaanisha kabla.

Alitazama nyuma kuhakikisha shemeji yake hayuko karibu. Alitutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Pasi. Pasi ya makaa."

Alikuwa amepiga pasi nguo za watu sokoni Kiwanja miaka sita, kabla mjomba mmoja hajamwingiza kwenye mambo ya mpaka. Familia ya mkewe ilikuwa ya wafanyabiashara wakubwa. Alipokwenda kuposa, waliambiwa kijana yuko kwenye biashara ya nguo. "Haikuwa uongo," alisema. Kisha akacheka peke yake.

Mama Esperansi alimwambia aonyeshe. Alitoa leso, akaitandaza juu ya sanduku la zana. Mkono wa kushoto uliivuta leso ikakazana, ukatulia hapo kama uzito wa mizani. Mkono wa kulia ulishika pasi isiyokuwepo, ukaanza kwenda. Niliinama nikaukagua kwa karibu kabisa. Haukutetemeka. Hata kidogo.

Nilianza maswali yangu. Unakandamiza kiasi gani? Unasimama wapi? Akanieleza kama fundi anavyomweleza mtu aliyeharibu kitu: pasi ya makaa ina uzito wake, haihitaji wako. Ukiikandamiza unaunguza. Ukiisimamisha unaunguza. Ukiinua ncha yake, jivu linamwagika kwenye shati la mtu. Wewe unaiongoza tu, inajiendea, chini chini, mpaka mwisho wa kitambaa.

"Bon, vizuri," alisema Mama Esperansi. "Sasa fanya hivyo hapa."

Tukamjenga upya papo hapo. Mkono wa kushoto juu kabisa ya fimbo, umenyooka, kazi yake ni kukaza nguo na kutulia. Mkono wa kulia chini, mbali na mwenzake kwa urefu wa kiganja na nusu, kiganja kikitazama shimo. Kichwa cha fimbo kiende karibu na mchanga mwanzo hadi mwisho, kisiinuke jivu lisije likamwagika. Alionekana vibaya, ukweli usemwe. Alionekana kama mtu anayesukuma droo iliyokwama. Mpira wa kwanza uliingia. Wa pili ukaingia. Wa tatu ukazunguka mdomo wa shimo, ukafikiri, ukaingia.

Nilitaka kujua kwa nini. Nikaanza kueleza nadharia yangu kwamba mtetemeko unakaa kwenye mkono usio na kazi, kwamba ukiupa kila mkono kazi ambayo tayari unaijua, mtetemeko unakosa mahali pa kukaa. Mama Esperansi akaniambia hayo niyaandike daftarini, wao wanaendelea.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na moja iliyofuata, kwa maneno mafupi. Niliwauliza watu mikono yao ilikotoka. Askari mmoja wa hifadhi kutoka Rumangabo aliibana fimbo mpaka vidole vikapauka, kwa sababu mikono yake ilikumbuka bunduki. Tulirudi nyuma zaidi, tukakuta kwamba utotoni alipiga kasia kwenye Ziwa Edouard, na kasia likamtuliza. Muuguzi mmoja alisukuma mpira kwa namna ya mtu anayefunga bandeji, akizunguka kidogo, na tukamwacha azunguke. Nilishindwa pia. Kulikuwa na mhasibu kijana aliyeniapia kwamba maisha yake yote hajawahi kushika kitu kizito kuliko sahani. Nilihangaika naye miezi miwili. Mwishowe yeye mwenyewe alisema labda atapenda tenisi. Na mimi je? Mimi mikono yangu ilipata historia yake kwenye kapeti. Baada ya misimu miwili ya kuvuta kamba ile, siku moja nilijikuta nasukuma mpira kama ninayevuta, na Mama Esperansi akasema haya, umezaliwa.

Lakini tulikuwa kwa Papa Mbusa. Wiki ya tatu alikuwa mtu mwingine, na kadiri alivyozidi kuingiza mipira ndivyo alivyozidi kuwa na wasiwasi. Nilidhani anaogopa kukosa. Sivyo. Aliogopa kuulizwa mshiko ule ameutoa wapi.

Na aliulizwa. Siku ya mashindano wanachama walijaa, na wageni kutoka ng'ambo ya mpaka, na wake zao wenye miavuli. Papa Mbusa alipangwa na shemeji yake. Kwenye brauni ya kwanza, alipoinama na mikono yake iliyoachana, shemeji aliweka mkono kiunoni.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kusikika na miavuli yote, "leo unapiga pasi?"

Watu walicheka. Papa Mbusa alinyooka polepole. Nilitazama kiatu changu.

"Ndiyo," alisema. "Nilipiga miaka sita, sokoni Kiwanja. Na lile shati ulilovaa siku ya harusi yangu, dobi wenu alikuwa mugonjwa, likaletwa sokoni. Mimi ndiye nililinyoosha."

Kicheko kilikatika, halafu kikarudi kikiwa cha aina nyingine, cha watu walio upande wake. Papa Mbusa aliinama, akasukuma, mpira ukaingia. Hapo nilijua kwamba lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa limekwisha.

Brauni tano za kwanza Mama Esperansi alituvutia kapeti yeye mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya asubuhi zote za mazoezi. Papa Mbusa hakutetemeka hata mara moja. Tulifika shimo la sita wao wawili wakiwa sawa. Shemeji akamaliza. Papa Mbusa alibakiwa na hatua tatu: akiingiza wanakwenda sare, na wangerudia shimo, akikosa, ameshindwa. Wajumbe watatu wa komite walikuwa wamesimama ukingoni na karatasi zao. Mama Esperansi alikuwa ametumwa viti.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye shimo, nimeshika bendera. Kapeti lilikuwa miguuni pangu. Nikaliokota, nikalivuta kutoka shimoni hadi kwenye mpira, mstari ulionyooka kama rula. Nilijipongeza kwa mstari ule.

Alisukuma. Nimeona mipira mingi tangu siku hiyo, na bado nasema ule ulikuwa msukumo bora kuliko yote. Chini chini, bila jivu. Mpira ulikwenda moja kwa moja, kisha ukaanza kulemewa, kama unaopanda asali, na ukasimama upana wa kidole kabla ya shimo.

Mama Esperansi alikuwa ndiyo kwanza anafika na viti viwili mkononi. Aliviweka chini. Hakutazama mpira, alitazama mchanga, kisha akanitazama mimi. Nikafuata macho yake. Nikitazama kutokea shimoni, njia ilikuwa inang'aa. Chembe zote zilikuwa zimelala kuelekea kwa Papa Mbusa. Yeye Mama Esperansi siku zote alianzia kwenye mpira, akizilaza chembe kuelekea shimo, ili mpira uteleze juu ya migongo yao. Mimi nilizigeuza vichwa. Nilimfanya yule mtu apandishe mpira wake dhidi ya mchanga mzima.

Na papo hapo nikaiona grafu yangu. Mama Esperansi, aliyenivutia asubuhi, alimaliza zamu saa sita. Mchana nilijivutia kapeti mwenyewe, nikianzia shimoni, kwa sababu ndiko nilikokuwa nimeinama kuokota mipira. Halikuwa joto. Mimi niliyetilia shaka mapadri na maprofesa sikuwahi kulishuku zulia nililolivuta kwa mkono wangu.

Papa Mbusa alikuwa anatazama mikono yake, mbele na nyuma. Kisha alininyooshea fimbo.

"Kuni," alisema.

Mjumbe mmoja alikuwa ameanza kuandika. Ninyi mnajua nilichokuwa nakifikiria, kwa sababu mngekifikiria pia. Nikinyamaza, karatasi itasema: mwanafunzi alitulia brauni tano, akatetemeka ya mwisho kwa woga. Hiyo ni kazi nzuri ya wiki tatu, inatosha kunipa mkataba. Nikisema, itasema: huyu anayetaka kufundisha hajui hata mchanga unalala upande gani. Noeli ilikuwa karibu. Niliona kaunta ya baba, minyororo imening'inia. Na niliona mtu aliyetoka kusema siri yake mbele ya miavuli, ambaye sasa anaamini kwamba mikono yake imemsaliti tena.

"Mikono yake haikukosea," nilisema. Sauti yangu ilitoka juu mno. "Nimekosea mimi. Nimevuta kapeti kinyume."

Nilieleza. Nadhani nilieleza vibaya, nikarukaruka. Mjumbe mkubwa akauliza nina maana gani. Mama Esperansi hakungoja aruhusiwe. Aliuweka mpira mahali pale pale, akavuta kapeti kutoka kwenye mpira hadi shimoni, akamwambia Papa Mbusa asukume. Akasukuma. Mpira ukaingia, sauti yake ndani ya kopo la shimoni naisikia mpaka leo.

Mjumbe mkubwa alisema matokeo hayabadiliki. Shemeji ameshinda. Lakini Papa Mbusa alikuwa amekwisha kuichukua fimbo kutoka mkononi mwangu, na hakuitoa kuwa kuni. Alicheza nayo mpaka uwanja ulipofungwa.

Wiki mbili baadaye komite iliniita mimi, si yule bwana wa Bujumbura. Mkataba wenye muhuri, miezi mitatu ya kwanza ikiwa ya majaribio. Nilimpelekea baba picha ya karatasi ile. Alijibu akiuliza kama muhuri ni wa kweli.

Kwa hiyo, vijana wangu, mshiko sahihi sijui. Ulizeni mikono yenu ilikotoka, na kama haijatoka popote ipelekeni mahali. Kabla hujailaumu, tazama mchanga umelala vipi na nani aliyeulaza. Nimekosa sana harufu ile ya gereji asubuhi, na kitenge kile kinachokwenda na kurudi kwenye duara jeusi kabla jua halijakolea. Mama Esperansi yuko kwa binti yake, wananiambia bado anawakosoa watu wanavyofagia.

Miaka yote hiyo nilisimulia habari ya shimo la sita kama habari ya ukweli wangu. Niliwasimulia wanafunzi, niliwasimulia wageni, nilijisimulia mwenyewe siku ngumu: nilisema kweli, nikamrudishia mtu mikono yake.

Mwaka jana nilikutana na yule shemeji Kiwanja, amezeeka, ametulia. Tulizungumza habari za uwanja. Aliniambia kwamba siku ile, wakirudi nyumbani garini, alimpa Papa Mbusa pole kwa kuharibiwa mpira na mtoto asiyejua kazi, na Papa Mbusa akamjibu kwamba yeye alikuwa ameniona nikivuta kinyume. Mtu aliyenyoosha velveti miaka sita huona nyuzi zimelala upande gani. Aliona tangu nilipoanza kuvuta. Angeweza kunisimamisha, lakini wajumbe watatu walikuwa pale na karatasi zao, na mimi nilikuwa nautafuta mkataba. Kwa hiyo alinyamaza, akaongeza nguvu kidogo, haikutosha, halafu akasema kuni kwa sauti ili wote wasikie kwamba kosa ni la mikono yake.